Yupo, Ila Ana Shughuli

Ndugu, jirani na wote mliofika, tunaomba mkae, maana haya ni marefu kidogo kuliko mlivyoahidiwa. Familia imemteua mpwa wa marehemu, mtoto pekee wa dada yake, mwalimu wa hesabu, awasomee historia ya mjomba wake, na huyo mpwa ameamua kujiita mpwa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu akisema "mimi" sauti itamkatikia kabla hajafika kwenye ndoa.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi wa mabehewa na mkewe, akitanguliwa na dada mmoja ambaye alimbeba mgongoni mpaka akamshinda uzito, na ambaye hadi anafariki mwaka 2001 alikuwa akisema kwamba mdogo wake alichelewa kuongea kwa sababu yeye dada alikuwa anamjibia kila alichoulizwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana hiyohiyo, kuanzia Januari 1960 hadi Desemba 1967, akaendelea na masomo ya sekondari kwa miaka miwili, na akaacha Desemba 1969 baada ya baba yake kufariki, akiwa ameacha ripoti moja tu ambayo familia imeipata, ambapo mwalimu wake wa darasa ameandika, mbele ya neno tabia, maneno mawili, hana makuu. Tangu Februari 1970 alikuwa mfungaji wa maboksi katika kiwanda cha sabuni, na waliofanya kazi naye wanasema alifunga kamba vizuri na hakukosa siku.

Sasa tunafika kwenye kazi, na hapa mpwa anakiri mbele yenu kwamba hadi Jumatano wiki hii angesoma mstari mmoja tu, kwamba marehemu alikuwa mhudumu wa ofisi kwa miaka thelathini na mitano, kisha angegeuza ukurasa, kwa kuwa zaidi ya hapo hakujua kitu, na tarehe zenyewe alizitoa kwenye kitambulisho na kitabu cha pensheni. Alipopewa karatasi aandike marehemu alikuwa mtu wa namna gani, yeye aliyemjua mjomba tangu akiwa kwenye nepi, alikaa nayo asubuhi nzima ikabaki nyeupe, na haya yake anayajua mwenyewe. Jumatano mchana akaja mhadhiri mstaafu, mama mmoja mwenye fimbo na maneno machache, akiwa na boksi lililofungwa kamba vizuri, akasema marehemu alikuwa ameagiza kwa maandishi kwamba siku akiondoka apewe mpwa wake, akipata nafasi.

Basi kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tarehe 3 Oktoba 1977 marehemu aliajiriwa katika jengo ambalo wanasaikolojia hufundishwa, akafagia, akachemsha chai, akapanga viti katika chumba namba nne, ambacho ndicho wanafunzi walichojifunzia kupima haiba ya mtu, yaani yeye ni wa namna gani, anachoogopa, anachopenda, na akikasirika anaelekea wapi. Jumanne, tarehe 13 Machi 1979, siku ya mtihani, mtu aliyetakiwa kupimwa hakutokea, wanafunzi wakabaki wanatazamana, na mhadhiri, wakati huo akiwa msichana mwenye wasiwasi kuliko wanafunzi wake, akatoa kichwa mlangoni akamwomba mhudumu aweke ufagio pembeni aje akae. Akakaa, na mwaka uliofuata wakamwomba tena, na uliofuata tena, mpaka wanafunzi wakamwita Mzee Sampuli hata kabla hajaota mvi, na katika boksi lile mna ripoti thelathini na nne, moja kwa kila mwaka hadi 2012, zote zinamhusu mtu mmoja, na hakuna mbili zinazokubaliana.

Mwaka 1983 ameandikwa kuwa mchangamfu na anapenda watu, mwaka 1991 ameandikwa kuwa ana hasira aliyoimeza, mwaka 1997 kwamba hujitenga kwa hiari na hapendi kuingiliwa, na hilo neno la hiari mhadhiri alilipigia mstari mwekundu na alama ya kuuliza. Mngetegemea mpwa awacheke vijana wale, waliokaa na mtu mchana mmoja kisha wakajiamini namna hiyo, lakini nyani haoni kundule, na wale angalau walimuuliza.

Walimpa dodoso la maswali mamia, ndiyo au hapana, akalijibu kila mwaka kwa uaminifu wa mtu anayeapa mahakamani. Walimwonyesha madoa ya wino wakamuuliza anaona nini, na katika doa la tatu, ambalo alilifahamu kama anavyofahamu mlango wa kwake, mwaka 1979 aliona watu wawili wanainua chungu pamoja, mwaka 1987 akaona watu wawili kila mmoja anavutia chungu kwake, na mwaka 2001, miezi miwili baada ya kumzika dada yake, alitazama muda mrefu, akasema anaona wino. Walimpa picha ya mwanamke amesimama mlangoni anachungulia chumba, wakamwambia atunge hadithi, na kila mwaka hadithi ilikuwa ileile, kwamba huyo mama amekuja kusalimia, amekuta wenyewe wana wageni, na anarudi kwao bila kuonekana. Walimpa sentensi zisizokamilika akamalizia, na mwaka 1988, mbele ya maneno ninapokuwa peke yangu, ameandika nafungulia redio hata kama wanasoma bei za mazao, mbele ya familia yangu ameandika iko vituo sita vya basi, na mbele ya natamani ameandika, kwa mwandiko wake ule wa kulala, mtu aniulize bila kuandika.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1981, na fundi cherehani aliyekuwa na chumba cha kushonea mtaa wa pili, wakaishi pamoja hadi Novemba 1986, walipoachana bila ugomvi, bibi huyo akisema hana ubaya wowote na mumewe, ila amechoka kukaa na mtu ambaye birika linaongea kumshinda. Akahamia kwa kaka yake, mji wa mbali, akaandika barua mbili. Ripoti ya mwaka 1987 inasema mzee alipoulizwa kuhusu hilo alizungumza saa moja na nusu mfululizo, mpaka mwanafunzi akaishiwa karatasi, kumbe maneno yalikuwepo, yalikuwa yanasubiri mtu avute kiti.

Watoto hakujaaliwa. Alikuwa na mpwa mmoja, na sasa mpwa anaomba mumvumilie, maana hapa ndipo penyewe.

Miongoni mwa vipimo vile kipo kimoja kisichomuuliza mpimwaji chochote. Ni fomu ya kurasa nne, ina kauli sitini, ijazwe na mtu anayekufahamu vizuri, anaweka alama kwenye kweli kabisa, kweli kiasi, sina hakika, au si kweli, na mwisho kuna swali la umemfahamu kwa muda gani. Miaka ya mwanzo ilijazwa na dada yake, kwa mbwembwe na maelezo pembeni ambayo hakuna aliyemwomba, kisha macho ya dada yakaanza kuingia ukungu. Jumapili, tarehe 14 Mei 1995, marehemu alipanda basi vituo sita, akiwa na bahasha kifuani na shati la pasi, akamkuta dada yake sebuleni, na dada akasema yeye haoni tena vizuri, mpe mtoto.

Mtoto alikuwa na miaka kumi na sita, alikuwa na mechi ya mpira wa pete, viatu vimeshafungwa, wenzake wanapiga filimbi nje. Akaichukua ile fomu akaiweka juu ya goti, na bila kusoma hata kauli moja akashusha alama sitini katika safu ya sina hakika, kuanzia juu hadi chini, ukurasa baada ya ukurasa, ikamchukua dakika mbili, na kwenye swali la mwisho, umemfahamu kwa muda gani, akaandika, tangu nizaliwe. Mjomba akaipokea, akaifungua, akaitazama yote, akaikunja taratibu, akairudisha kwenye bahasha.

"Ahsante, mama," alisema. "Umesema kweli."

Mtoto akakimbilia mechi. Walifungwa, kama mnataka kujua.

Fomu ile imo kwenye boksi, ina mkunjo mmoja katikati, na ripoti ya mwaka huo inasema taarifa za mtu wa karibu hazikuweza kutumika. Kuanzia mwaka uliofuata hakumpelekea mtu tena. Kila mwaka palipoandikwa jina la mtu anayekufahamu vizuri, marehemu aliandika maneno yaleyale, mpwa ameyahesabu maana ndiyo kazi yake, na ni mara kumi na saba, kutoka 1996 hadi 2012: yupo, ila ana shughuli.

Na alikuwa na shughuli kweli, alisoma, akaajiriwa, akasahihisha madaftari, akamtembelea mjomba sikukuu na sikukuu, dakika arobaini, jicho kwenye saa. Alikuta chumba kimoja kilichofagiliwa mpaka pembeni, redio, kitanda kilichotandikwa kwa kukazwa, na kikombe cha chai kimeshawekwa, akanywa, akauliza hujambo mjomba, akajibiwa sijambo, akaridhika. Nyumba njema si mlango, wahenga walishasema, lakini yeye alibaki mlangoni miaka arobaini na moja akidhani ameingia.

Mwaka 1990 wanafunzi waliambiwa wamtazame akiwa kazini, bila kumuuliza neno, kupitia kile kioo ambacho wa ndani anajiona mwenyewe na wa nje anamwona yeye. Waliandika kwamba anapanga viti viwili kwa kimshazari, visitazamane, ili anayehojiwa apate dirisha la kutazama maneno yakimwia mazito, na kwamba glasi ya maji mara nyingine huiweka kulia na mara nyingine kushoto, jambo ambalo wanafunzi waliliita kutokuwa na mpangilio. Mmoja wao, ambaye mpwa angependa kumjua, hakuridhika, akamfuata jikoni akamuuliza, na mzee akamwambia kwamba huangalia mgeni anasaini daftari la mlangoni kwa mkono upi.

Mpwa ni wa mkono wa kushoto. Alisoma mstari ule juzi, mchana, kwenye meza ya mjomba wake, akainua macho akaona kikombe chake cha siku zote kiko kwenye kishubaka, na akakumbuka kwamba katika chumba kile, miaka yote ile, hakuwahi hata siku moja kuvusha mkono kufuata chai. Akalia. Jirani wa mlango wa pili, fundi viatu, alikuja kuuliza kuna nini.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2012. Alianza kusumbuliwa na figo Machi 2018, akatibiwa akiwa nyumbani, na tarehe 21 Oktoba 2019 akalazwa, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mpwa alimtembelea mara tatu. Mara ya mwisho marehemu hakuweza tena kuzungumza, lakini alinyoosha mkono juu ya kile kimeza, akasukuma kikombe cha maji kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikamchukua muda, na mpwa akadhani anataka nafasi ya kupumzishia mkono. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa tatu na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba, miezi mitano na siku tatu, na hakuwa na mtu pembeni, kwa kuwa mpwa alikuwa na kipindi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemfumba macho, inamshukuru fundi viatu aliyekuwa akimbebea maji ngazi mbili bila kuombwa, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, mhadhiri na wanafunzi wa miaka thelathini na minne, ambao baadhi yao mpwa anawaona pale nyuma, wana mvi sasa, wamekuja kumzika mtu waliyemkosea kwenye ripoti, na hakuna lawama, ni afadhali kukosea kuliko kutouliza.

Chini kabisa ya boksi marehemu aliacha fomu moja ya kurasa nne, haijajazwa. Jana mchana mpwa aliijaza, kalamu mkono wa kushoto, kauli moja baada ya nyingine, akitoka kwenda kumuuliza fundi viatu, akimpigia mhadhiri simu, akirudi kwenye ripoti, ikamchukua saa nne. Huona mambo ambayo wengine hawayaoni, kweli kabisa. Anapenda kukaa peke yake, si kweli. Husamehe upesi, kweli kabisa. Zimebaki kauli saba katika safu ya sina hakika, na safari hii zimesomwa.

Mwisho lilikuwepo lile swali, umemfahamu kwa muda gani, na mpwa, aliyewahi kuandika tangu nizaliwe, ameandika, siku tatu.

Pumzika kwa amani, mjomba. Mpwa wako amepata nafasi.