Kishimo cha Kiwiko

Mama mmoja alipanda basi amekumbatia ubao wa ndani wa mlango wa gari la spoti la zamani, ngozi imechanika, sponji inachungulia. Fundi viti aliyekaa karibu naye alishindwa kuvumilia. "Shikamoo, mama. Hiyo nikiivalisha upya, mzee atadhani ameoa tena."

"Marahaba, baba. Natafuta wa kushona ngozi tu. Hapo palipobonyea pasiguswe." Mumewe, alieleza, haoni tena. Kila asubuhi hukaa ndani ya gari lake, huweka kiwiko kwenye kishimo kile, na hapo ndipo siku yake huanza.

Fundi alibonyeza kidogo, unga wa manjano ukamwagika. "Mama, sponji hii imekufa. Haimalizi mwezi."

"Basi tia mpya yenye kishimo hichohicho."

Maisha yake yote fundi alilipwa kuondoa vishimo. Kutengeneza kimoja hakuwahi kuombwa. "Hapo nitahitaji kiwiko chenyewe."

"Hatoki nyumbani."

Basi likasimama, mama akainuka. Kituo cha fundi kilikuwa bado mbali, ila alijikuta ameubeba ule ubao na kumfuata mlangoni. "Lakini hii sponji tunaitupa!"

"Thubutu! Kamwambie mzee mwenyewe."