Fundi Rubani na Ndege ya Wauguzi Tisa

Wasifu huu umeandikwa, umechapwa na unasomwa na mdogo wake marehemu, mwenye duka la uchapaji. Wapo watakaoshangaa. Mtaa mzima unajua kwamba ndugu hawa wawili walikaa karibu miaka kumi na mmoja bila kusemezana, kisa picha ya ndege. Familia ilikuwa imempendekeza mtu mwingine asome, lakini mjane akakata shauri: "Shemeji, utasoma wewe. Kuna neno ulilibakisha." Mdogo mtu amekubali, kwa kuwa lipo jambo la marehemu lililosemwa likiwa limepinda mbele ya watu wengi, na halina budi kunyooshwa mbele ya watu walewale kabla udongo haujamfunika.

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Fundi Rubani, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda hicho, na mama yake alifua nguo za watu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Mdogo wake alipozaliwa miaka mitano baadaye, mama alisimulia kwamba kaka mtu alimchungulia mtoto, akamgeuza huku na huku, kisha akauliza, "Huyu ndiye mwenyewe, au bado watabadilisha?" Alikuwa mtu wa kuhakikisha tangu akiwa mdogo. Walipomwambia ndiye mwenyewe, alimpokea, akambeba mgongoni mpaka mtoto alipokuwa mzito kuliko mfuko wa unga.

Alianza shule ya msingi Januari 1955 na kumaliza darasa la nane Novemba 1962. Hakuwa hodari wa hesabu, ila alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja alipelekwa ofisini kuchapwa kwa kuchelewa, na alipokuwa akingoja zamu yake akaona mshono wa suruali ya mwalimu mkuu umefumuka nyuma. Akaomba sindano na uzi. Mwalimu mkuu alikaa nyuma ya meza amejifunga shuka la huduma ya kwanza, na suruali ikashonwa pale pale. Fimbo haikuzungumzwa tena. Angeweza kuendelea na sekondari, lakini mwaka uliofuata baba alipatwa na kiharusi, na nyumba ile haikuweza kusomesha wawili. Marehemu alisema mdogo wake ndiye aendelee. Alisema vile mtu anavyosema nipishe nikae, na hakuwahi kulikumbusha jambo hilo hata walipogombana.

Aprili 1963 alianza kujifunza ushonaji, na tarehe 2 Agosti 1971 alifungua duka lake mwenyewe, kati ya duka la dawa na kibanda cha fundi viatu. Alikaa hapo miaka hamsini na mmoja. Alisifika kwa makoti. Mteja akimletea kitambaa cha kujivunia, yeye alikigeuza ndani nje. "Usiangalie rangi, angalia mshono," alikuwa akisema, na wanafunzi wake wote wanne, ambao leo wamebeba jeneza, wanaijua kauli hiyo kama wanavyojua majina yao.

Katika duka hilo ndimo alimopata ndege zake. Mwaka 1979 alikuwapo mzee mmoja, fundi wa ndege aliyestaafu, aliyerudisha koti lake mara tatu lipanuliwe tumbo. Alipohama mji alimwachia marehemu mkebe wa biskuti wenye picha mia mbili na kumi na saba za ndege za zamani, nyingi za miaka ya thelathini na arobaini, na hata moja haikuwa na jina nyuma. "Wewe una jicho," alimwambia. "Zipe majina." Tangu siku hiyo, Jumapili baada ya chakula cha mchana, marehemu alifuta chaki kwenye meza ya kukatia, akatoa kioo cha kukuzia na vitabu alivyoazima maktaba, akaanza kazi. Alihesabu madirisha. Alipima mkia kwa macho. Alitazama jinsi gurudumu linavyoshikwa, na kifuniko cha injini, ambacho yeye alikiita koti. Akishapata uhakika, aliandika nyuma ya picha kwa penseli: jina la ndege, tarehe, na sababu zake. Asipopata uhakika aliandika neno moja tu, "Bado". Kubahatisha alikuona kama kukata kitambaa cha mtu bila kumpima.

Habari zikaenea. Watu wakawa wanamletea picha za wazazi na mababu waliosimama mbele ya ndege, wakitaka kujua ni ndege gani. Kijana mmoja alimsihi aandike kwamba ndege ya babu yake ilikuwa ya kivita. Marehemu aliitazama nusu saa. "Hii ilibeba barua," alimwambia. Kijana akanywea. Marehemu akamwekea mkono begani: "Unajua watu walivyokuwa wakizingoja barua?" Kijana yule aliondoka kifua mbele.

Yeye mwenyewe alipanda ndege mara moja tu maishani, mwaka 2004, alipokwenda kumwona binti yake wa kwanza alipojifungua. Aliporudi, mtaa mzima ulimngoja Rubani asimulie. Akasema safari ilikuwa nzuri, ila ukiwa ndani huioni ndege, sasa faida yake nini?

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na mkewe, aliyekuwa opereta wa simu katika posta kuu. Walikutana kwa gauni. "Vipimo vya gauni huchukuliwa mara moja," mama huyu husema mpaka leo. "Yeye alinipima mara tatu siku tatu, nami nikaenda zote tatu, sasa nani alimdanganya mwenzake?" Walijaliwa mabinti wawili. Akiulizwa kama haoni wivu kwa mkebe ule, hujibu kwamba aliolewa na mwanamume mmoja na ndege mia mbili, na kati ya hao wote mwenye kula sana ni mmoja.

Mdogo wake naye aliingia katika mchezo huo, na kwa zaidi ya miaka thelathini Jumapili zao zilikuwa moja. Mmoja alishika kioo, mwingine alifungua vitabu. Walibishana mpaka fundi viatu akagonga ukuta. Zilikuwa siku njema, na anayesoma hapa hajapata nyingine kama zile.

Kisha ikaja picha ya wauguzi. Hospitali moja ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na mdogo mtu alipewa kazi ya kuchapa kitabu cha sherehe. Ndani yake ilikuwamo picha ya wauguzi tisa mbele ya ndege ya injini mbili, yenye mabawa ya ghorofa, moja juu na jingine chini. Kulikuwa na ndege mbili zilizofanana hivyo, zote za kiwanda kimoja: Dragon, na mdogo wake aliyeitwa Rapide. Njia rahisi ya kuzitofautisha ni bawa. La Dragon lina upana uleule mpaka karibu na ncha, na la Rapide linachongoka. Lakini ncha moja ilikatwa na ukingo wa picha, na nyingine ilifichwa na mwavuli wa muuguzi wa mwisho.

Jumapili ya tarehe 2 Juni 2013 waliitazama pamoja. "Dragon," alisema kaka. "Tazama koti la injini lilivyo fupi."

"Kaka, hicho ni kivuli kinakudanganya. Hiyo ni Rapide."

"Niachie wiki moja nihakikishe. Usichape kwanza."

Mdogo mtu hakungoja. Alikuwa na haraka, na zaidi ya haraka alikuwa na kiburi cha mtu aliyesomeshwa. Alichapa nakala mia tatu, na chini ya picha aliandika: "Ndege aina ya Rapide, kama ilivyotambuliwa na Fundi Rubani." Marehemu alikiona kitabu siku ya sherehe, mbele ya watu wanaomheshimu. Hakupaza sauti. "Ningekuwa nimekosea mwenyewe, ningecheka," alisema. "Lakini wewe umenilisha maneno." Mdogo mtu, badala ya kuomba radhi, akasema kwamba jina la Rapide ni sahihi na mwenye macho ataona. Hayo ndiyo yaliyowatenga.

Miaka iliyofuata walionana kwenye harusi na misiba, wakazungumza kupitia watu. "Mwambie baba yako mdogo chumvi hii hapa." "Mwambie baba yako ahsante." Mabinti wakachoka, kazi ikamwangukia mama yao. "Nimestaafu simu," alilalamika, "mmenirudisha mtamboni bila hata kiti!"

Sasa linakuja lile lililobaki. Mwezi Septemba 2020 familia moja ilileta kwenye duka la uchapaji albamu ya bibi yao aliyekuwa muuguzi, ili wachapiwe kitabu cha kumbukumbu yake. Mdogo mtu alifungua ukurasa wa sita, akaona wauguzi wale wale, ndege ile ile, siku ile ile. Safari hii mwavuli ulikuwa umefungwa. Bawa lilionekana lote, pana mpaka karibu na ncha, bila kuchongoka hata kidogo. Ilikuwa Dragon. Alitengeneza nakala, akaitia kwenye bahasha, akaifungia kwenye droo. Ilikaa humo miaka mitatu na miezi minane. Hana la kujitetea. Kila Jumapili alisema Jumapili ijayo nitakwenda.

Februari mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliugua bila kulalamika, akauguzwa na mkewe kwa upendo mkubwa, na tarehe 6 Mei alilazwa wodini, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Jumatano ya tarehe 15 mdogo wake alifika, na bahasha mfukoni. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Lakini marehemu ndiye aliyetangulia. Alimshika mkono, akamwita "mdogo wangu", kisha akasema, "Ile ndege nimeifikiria sana. Ilikuwa Rapide. Wewe uliona vizuri kunishinda mimi."

Mdogo mtu alifungua mdomo. Machozi yakamtangulia, muuguzi akaingia kubadilisha dripu, na saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Akasema, "Pumzika, kaka. Ijumaa nitakuja tuongee." Akarudi nyumbani na bahasha yake. Siku hiyo ya Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, saa nne asubuhi, marehemu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa saa kumi.

Jioni yake mdogo mtu alimwonyesha shemeji yake bahasha, akamwambia yote, kwamba kaka amekufa akiamini kosa. Mjane aliitazama picha, akairudisha. "Shemeji, unadhani hakujua? Jumanne, siku moja kabla hujaja, nilimuuliza kuhusu ile ndege, maana nilimwona anajipanga atakavyokuambia. Akaniambia, 'Ile ni Dragon, na itabaki Dragon. Lakini nataka ndugu yangu.'"

Kwa hiyo, kwa hospitali ile, kwa wenye nakala mia tatu, na kwa wote waliofika hapa, inasahihishwa kwamba ndege iliyo nyuma ya wauguzi tisa ni Dragon, na aliyeitambua ni Fundi Rubani, siku ile ya kwanza, bila kuiona ncha ya bawa. Kwa miaka arobaini na mitano hakuwahi kuipa ndege jina lisilo lake, ila mara moja, kwa makusudi, akiwa amemshika mtu mkono.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, wanafunzi wanne wa ushonaji, na mdogo wake mmoja, ambaye alikuwa amekosea, akajua, akanyamaza, na akasamehewa kabla hajaomba. Kaka yetu na apumzike kwa amani.