Mama Kola na Ukurasa wa Wasafiri

Baba Kasisi, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi mbele ya jeneza hili, familia imempa bintiye marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya mama yake, naye anaomba mumvumilie akisoma polepole, na anaomba pia ajiite bintiye tu katika karatasi hii, kwa sababu akianza kusema mimi hatafika mwisho.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Oktoba 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mlinzi wa ghala la pamba, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita, na mama yake alikuwa amekwisha kuvaa nguo za kanisani uchungu ulipomshika, ndiyo maana baba yake alipenda kutania kwamba mtoto huyu alikuwa anawahi ibada akakosea mlango. Alibatizwa tarehe 25 Desemba mwaka huo huo, na alipokea kipaimara mwaka 1964.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, akasifiwa kwa mwandiko mzuri na kukemewa kwa maneno mengi, lakini Novemba ya mwaka huo wa mwisho baba yake alifariki, masomo yakaishia hapo, na shangazi yake akamkalisha mbele ya cherehani ya mkono akamwambia, "Kalia hapa, mwanangu, machozi hayashoni kitu." Tarehe 1 Machi 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, akapangiwa meza ya kola, na hapo alibaki hadi tarehe 31 Machi 2003, miaka thelathini na mmoja, bila kushona shati zima hata moja kwa saa za kiwanda, kola tu, kola juu ya kola, na msimamizi alipomwuliza kama hachoki alimjibu, "Bosi, shati lisilo na kola ni fulana, kwa hiyo kiwanda chote kimening'inia kwangu." Ndipo alipopata jina la Mama Kola, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko alilobatizwa.

Alifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1974, katika kanisa hili hili, na fundi bomba wa ofisi ya maji, mtu mpole asiyepandisha sauti hata bomba likimpasukia usoni, ambaye alitangulia mbele ya haki tarehe 19 Julai 1998. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza mvulana aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1977, wa pili ni huyu bintiye, aliyezaliwa mwaka 1980, na wa tatu alizaliwa mwaka 1984 akaishi siku kumi na moja.

Siku ya Jumatatu, tarehe 4 Februari 1991, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisoma maombi ya kuombeana katika sala ya asubuhi aliishiwa nguvu za macho, akamkabidhi Mama Kola daftari, na tangu siku hiyo, kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya kwenda kiwandani, na baada ya kustaafu kabla ya kunywa chai, alisimama pale kushoto, mnapoona kiti kitupu, akawasomea watu wa kanisa hili mbele za Mungu. Daftari lilikuwa na kurasa tatu, wagonjwa, wasafiri na waliolala, na hakuandika majina ya vyetini, aliandika mtu anavyoitwa mtaani, Fundi Viatu na mguu wake, Mama Mapacha na presha, kwa maana alisema Mungu haendi ofisi ya vizazi kututafuta. Utaratibu aliourithi kwa mwalimu ulikuwa mmoja, kwamba jina halifutwi kwa kuhurumiwa wala kwa kuhisi, mgonjwa aje mwenyewe aseme nimepona, msafiri aje mwenyewe aseme nimefika, kisha Mama Kola apige mstari kwa penseli nyekundu, na aliyefariki ahamishiwe ukurasa wa tatu, asomwe mwaka mzima.

Kinyozi wetu, ambaye yupo hapa, alipopona homa ya mapafu alimwomba asimfute, akasema, "Niache hapo hapo, Mama Kola, nikifutwa tu ugonjwa utajua nyumba haina mlinzi," naye akamjibu, "Toka kitandani, kinyozi, kuna mwenzako amesimama anakisubiri," na kanisa zima lilicheka, na mstari ukapigwa.

Sasa bintiye anafika mahali pagumu. Kaka yake, mnayemkumbuka kwa jina la Barafu kwa kuwa alikuwa fundi wa majokofu, aliondoka nyumbani siku ya Jumatatu, tarehe 9 Mei 2005, saa tatu asubuhi, na begi moja na mkoba wa vifaa, kwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka. Mama alikuwa ana hasira, kwa sababu alitaka kijana abaki, na kijana aliposimama mlangoni akasema, "Mama, nikifika nitapiga simu," mama hakuinua macho kwenye cherehani, akamwambia, "Funga mlango, vumbi linaingia." Mlango ukafungwa, na simu haikupigwa, wala siku ile, wala mwezi ule, wala mpaka leo. Mama alikwenda vituo vya polisi vitatu, alikwenda mpakani mara mbili, alikwenda hospitali zenye vyumba vya maiti akaonyeshwa vijana wa mama wengine, na aliporudi alimwandika ukurasa wa pili, Barafu, safarini, akamsoma kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

Mwaka 2012, miaka saba ilipotimia, kasisi aliyekuwapo wakati huo na mzee mmoja wa kanisa walimtembelea nyumbani kwa nia njema, wakamshauri amhamishie kijana ukurasa wa tatu ili afanyiwe ibada na moyo wa mama upate kutua. Aliwakaribisha chai, akawaacha wakanywa, kisha akasema, "Baba Kasisi, mimi sijazika mtu. Mkimhamisha ninyi, mniambie na kaburi liko wapi, nikapalilie." Hawakulirudia tena jambo hilo.

Watu walidhani hakutetereka. Bintiye anawaambia leo kwamba alitetereka sana, kwamba zilikuwapo asubuhi alizotoka kanisani akakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu miguuni hadi adhuhuri, na siku moja alimwambia bintiye, "Nimepiga hodi miaka yote hii, mwanangu, na ndani sijasikia hata mtu kukohoa." Lakini kesho yake saa kumi na mbili, mama alikuwa pale kushoto na daftari lake.

Machi 2024 alianza kulalamikia maumivu ya tumbo na mgongo, na tarehe 11 Juni madaktari wa hospitali ya rufaa walitueleza kwamba ni saratani ya kongosho, nayo imekwisha kusambaa. Mara ya mwisho kusoma daftari ilikuwa Ijumaa, tarehe 30 Agosti, akiwa ameshikiliwa kiunoni na Mama Mapacha, na Jumatatu iliyofuata, tarehe 2 Septemba, alimkabidhi bintiye.

Bintiye ni karani wa masjala, na kazi yake kila siku ni kupanga mafaili, na masjala ina utaratibu wake, faili lisiloingiwa na barua kwa miaka mingi huhamishiwa rafu ya yaliyofungwa, bila uchungu, mkono unajua wenyewe. Daftari la mama lilikuwa limechakaa hadi kurasa zinadondoka, na jioni ya tarehe 12 Novemba, baada ya kumwogesha mgonjwa na kumnywesha dawa, bintiye aliketi kulinakili kwenye daftari jipya, na alipofika kwenye jina la kaka yake, mkono uliozoea masjala ulimwandika ukurasa wa tatu. Hakukusudia. Hata hivyo hataapa mbele ya jeneza hili kwamba moyo haukuwa umechoka kumsubiri.

Kesho yake, Jumatano, alisoma kama alivyoandika, na watu saba waliokuwapo waliitikia, "Bwana, usikie sala yetu," kwa sauti ya chini kuliko siku zote, naye akadhani ni usingizi, akafunga daftari akakimbilia kazini. Wale saba walitoka kanisani wakaenda nyumbani kwetu, kama watu wema wanavyofanya, wakaingia chumbani kwa mgonjwa wakamshika mikono wakamwambia, "Pole sana, Mama Kola, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, afadhali sasa umejua." Ilikuwa saa mbili asubuhi. Hakuna aliyempigia bintiye simu, kila mmoja akidhani bintiye ndiye aliyeileta habari.

Bintiye alirudi saa saba mchana kubadilisha shuka, akakuta viti vya majirani uani, na mama ameegemea mito, uso umetulia kuliko alivyowahi kumwona tangu mwaka 2005. Mama akamwuliza, "Wamempata wapi? Nani alimwosha?" Bintiye alipiga magoti akamwambia, "Mama, hajapatikana. Hakuna aliyempata. Ni mkono wangu, nimemwandika vibaya." Mama Mapacha alijifunika uso kwa mtandio.

Mama hakumgombeza. Alisema maneno ambayo bintiye ameyabeba hadi leo, "Basi kwa saa tano nilikuwa na kaburi. Nilipumzika, mwanangu. Nililala hata bila dawa. Na pumziko lile halikuwa langu, nililichukua kwa mtoto ambaye labda bado anatembea. Lete daftari." Akaletewa, akashikiwa mkono, na kwa mwandiko uliokuwa umebaki mikwaruzo akapiga mstari mwekundu juu ya jina lile ukurasa wa tatu, akaliandika upya ukurasa wa pili, Barafu, safarini. Kisha akasema, "Nikifa, usinisome mimi kabla hujamsoma yeye. Na usimsome kwa upole, msome kwa sauti, nilimwambia afunge mlango, labda ndiyo maana hasikii."

Tangu siku ile maumivu yalirudi na usingizi ukaondoka, na bintiye anajua ni nani aliyemwonjesha mama yake usingizi kisha akamnyang'anya. Alilazwa tarehe 28 Desemba, na alituaga siku ya Alhamisi, tarehe 9 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, akiacha mtoto mmoja aliye hapa, mtoto mmoja aliye safarini, mkwe mmoja na wajukuu wawili. Hakupata alichokiomba. Familia haitawapamba ukweli huo kwa maneno, kwa maana yeye mwenyewe hakuupamba, aliuleta hapa kila asubuhi ukiwa mbichi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, hasa muuguzi mrefu wa zamu ya mchana aliyekuwa akimtania marehemu kwa kumwita mchumba, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha sare waliomshonea vazi alilolivaa, lenye kola kama alivyoagiza, inamshukuru Baba Kasisi na Umoja wa Akina Mama, na inawashukuru majirani wote, hasa wale saba waliokuja kutoa pole tarehe 13 Novemba, maana ninyi hamkukosea, mlisikia jina mkainuka mkaenda, na ndivyo mama alivyotaka majina yasikiwe.

Jana na leo saa kumi na mbili asubuhi, bintiye alisimama pale kushoto, akamsoma kaka yake kwanza, ukurasa wa pili, kwa sauti, kisha akamsoma mama yake, ukurasa wa tatu. Kesho atafanya hivyo hivyo, akiwa na imani au akiwa hana. Na kama yupo kati yenu anayesafiri, popote utakapomkuta fundi wa majokofu mwenye alama ya moto kwenye kiganja cha kushoto, mwambie mama yake hana kinyongo, mlango uko wazi, na mstari mwekundu haupigwi mpaka aje mwenyewe aseme nimefika.

Mama, daftari liko kwangu. Pumziko hili la leo hujalichukua kwa mtu, ni lako. Pumzika.