Someni Mlichomwandikia Bi Vitufe

Wasikilizaji wapendwa, ongezeni sauti kidogo na mkae. Leo tunamkumbuka Bi Vitufe, mwenye ule ukumbi wa gemu wa rangi ya buluu, mkabala na fundi viatu. Bi Vitufe alifariki wiki iliyopita. Na niwaambie mapema: leo sina upole.

Jina hilo alipewa na wateja. Kontrola ikianza kukwama, aliifungua, akatoa vitufe vyote, akavisugua kwa mswaki kwenye bakuli la maji ya sabuni. Ukivikuta vimeanikwa dirishani juu ya kitambaa, ulijua hapo kucheza ni baadaye.

Ukumbi ulikuwa buluu kwa sababu mashine zake zote zilitoka kwa kampuni moja, ile ambayo mashabiki wake huiita Buluu. Mahasimu wao ni Wekundu. Bi Vitufe alikuwa Buluu damudamu. Alipaka ukuta, akapaka mlango, akamtishia mumewe kwamba anayefuata ni yeye. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mdogo wake wa kiume kucheza, enzi akimfunga vifungo vya shati la shule. Mdogo wake huyo leo ni katibu wa Chama cha Mashabiki wa Buluu. Shikeni hapo, tutarudi.

Ikaja mashine mpya. Umeme ukikatika ghafla, inafuta kila ulichohifadhi. Wateja walipoteza ligi nzima, na baba mmoja mwenye kitambi akatoka pale akifuta machozi. Bi Vitufe akaja hapa studio, akakaa kiti hiki kinachonitazama, akasema: "Mimi nawapenda Buluu, ukuta wangu shahidi. Lakini mashine hii mbovu. Waitengeneze."

Alisema hayo tu. Waitengeneze.

Wasikilizaji wapendwa, jioni hiyohiyo watu wazima, wenye ndevu na kazi zao, wakamvamia mtandaoni. Wakamwita msaliti. Wakasema kahongwa na Wekundu. Wakasema kibovu ni umeme wake, si mashine. Mmoja akamwombea ukumbi uungue. Kampuni isiyowajua hata kwa sura, wakaipigania kana kwamba ndiyo iliyowazaa! Hivi mlikuwa mnaihofia nini? Kwamba italala na njaa?

Na katibu, mdogo wake wa tumbo moja, naye akaandika. Kwa jina lake kabisa, bila kujificha.

Wateja wakahama. Binti ya marehemu ameniomba niwe mkweli, nami namnukuu: "Maneno hayakumuua mama. Figo ndizo zilizomuua. Maneno yalimwondolea watu tu." Anasema mama yake alikuwa akiwasha gemu ya wachezaji wawili, anacheza peke yake, kontrola ya pili ameiweka kwenye kiti cha pembeni. "Nikamuuliza, unamngoja nani? Akaniambia, mjomba wako atapita."

Hakupita.

Alipita siku ya mazishi. Alikuja na chama kizima, wamevaa fulana za buluu, wamebeba bendera ya buluu ya kulifunika jeneza. Aliyeitwa msaliti akiwa hai, maiti yake ghafla ikawa mwenzao. Nilikuwepo. Nilitamani kuwapokonya ile bendera.

Binti akawawahi getini. Hakupiga kelele. Alisema: "Karibuni. Ila kila mmoja atoe simu yake, asome alichomwandikia mama. Kwa sauti. Akimaliza, aingie."

Mweka hazina wao akacheka kidogo. "Dada, jamani, yale yalikuwa utani tu wa mtandaoni."

"Basi hayatakushinda kuyasoma, kaka."

Mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Mwingine eti simu imeisha chaji. Bendera ikakunjwa, wakaanza kuondoka, na waliokuwa hodari sana wa kuandika hawakuweza kutamka hata neno.

Akabaki katibu. Akatoa simu. Sikumwonea huruma. Akasoma: "Dada yangu ameuza utu wake kwa Wekundu. Kuanzia leo si dada yangu. Msikanyage kwake." Sauti ilimkatika kwenye neno dada.

"Rudia, mjomba," binti akasema. "Walioko nyuma hawakusikia."

Akarudia, mpaka mwisho. Binti akamfungulia geti.

Kwa mume wa marehemu, kwa binti yake, na kwako wewe pia, katibu, uliyesoma: poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, fungueni simu zenu sasa hivi. Tafuta neno la mwisho ulilomtupia mtu usiyekubaliana naye, kisha ulisome kwa sauti hapo ulipo, mama yako akisikia.

Chama cha Mashabiki wa Buluu wameniletea salamu za rambirambi, wakaomba nizisome hewani. Ziko hapa mezani. Nimewajibu kwamba watangulie wao kusoma zile za kwanza.