Kisigino cha Kushoto

Benchi la Lala lipo kwenye kona ya mtaa wa wafua sufuria, Gujranwala, Pakistan, limeegemezwa ukutani kwa kinyozi, na mguu wake mmoja umefungwa waya tangu siku Pehlwan alipolikalia kwa hasira. Asubuhi hiyo ya Januari ukungu ulikuwa haujapanda bado, chai ya maziwa inachemka, na wenye benchi lao walishakaa. Alikuwepo Pehlwan, mpiga mieleka wa zamani, ambaye sasa amebaki tumbo na kumbukumbu. Alikuwepo Master Inayat, mwalimu wa hesabu aliyestaafu ila hesabu zenyewe zimekataa kustaafu. Na Lala mwenyewe, muuza chai, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hajapata kuzimika. Wa nne, Boota fundi viatu, alikaa chini kwenye gunia lake, na mapajani ana jozi ya viatu vyeupe vya kriketi. Kila mtu alijua ni vya nani, kwa hiyo hapakuwa na mazungumzo mengine.

Vilikuwa vya Haroon Virk, mrusha mpira wa timu ya taifa, mtoto wa mtaa huo huo. Miezi tisa nyuma alitolewa uwanjani kwa machela, kifundo cha mguu kimevimba kama kitunguu. Wiki iliyopita akarudi uwanjani, Karachi, na katika zamu ya mwisho ya wageni kupiga akarusha ova thelathini na moja, akatoa wapigaji sita. Sasa alikuwa nyumbani kwa siku mbili kumwona mama yake. Adhuhuri gari lingempeleka Rawalpindi, na keshokutwa Test ya pili, mechi ya siku tano, ilikuwa inaanza.

— Lozi, alisema Pehlwan. Mimi nimesema tangu zamani. Lozi arobaini zilizolowekwa usiku kucha, samli, na supu ya kwato. Mguu hauponi kwa dawa za maji.

— Wewe umekula lozi miaka hamsini, alisema Redio, na kupanda ngazi ya msikiti unapumzika mara mbili.

— Mimi nilikula kwa ajili ya shingo, bwana. Miguu sikuiwekea chochote.

Master Inayat alikuwa ameshatoa kalamu na anaandika kwenye ukingo wa gazeti.

— Tulieni niwape kitu. Ova thelathini na moja, mipira sita kila ova, hiyo ni mia na themanini na sita. Kila anapotua, mguu wa kushoto unabeba uzito wake mara saba. Kijana ana kilo themanini na tano. Zidisheni. Ni tani mia na kumi. Mguu mmoja.

— Tani mia na kumi ni nini sasa? aliuliza Redio.

— Ni hivi, kichwa kizima cha treni ya Lahore kimemkanyaga kisigino, na bado akarudi kuanza mbio zake.

Kila mtu akaionea huruma treni. Boota yeye mawazo yake yalikuwa kwingine. Kiatu cha kushoto alikuwa amekipindua na anakitazama soli. Viatu vya Haroon alikuwa anavihudumia tangu kijana ana miaka kumi na minne. Ni yeye aliyekata lile tundu mbele ya kidole gumba, ili ukucha usipondeke kila mguu unapotua. Miaka yote soli ya kushoto ilikuwa ikilika upande wa nje. Safari hii imelika ndani, na imelika vibaya, kama ya mtu anayekikimbia kisigino chake mwenyewe.

Na hata asingeiona soli, aliambiwa. Jana Haroon alimpigia simu kwa sauti ya chini. "Ami Boota, weka ngozi laini kisigino cha kushoto, unene wa ukucha. Na tafadhali mama asijue. Akijua hatanifungulia mlango nitoke, na nikikosa mechi hii sitaitwa tena." Boota akaapa. Usiku hakulala vizuri. Akinyamaza na kifundo kikavunjika, mkono wake umo. Akisema, amemzika kijana aliyemwita ami tangu hajaota ndevu.

— Nyinyi mnahesabu uzito, Redio alikuwa anasema, mmesahau mpira wenyewe. Mliuona ule wa siku ya nne? Wageni wana mikimbio mia mbili na kumi, wametoka wapigaji wawili tu, wanataniana. Mpira umechakaa kama ganda la kitunguu. Jua kali, hata kunguru wamekaa kivulini. Akaja yeye. Mpira unakwenda nje, nje, nje, halafu kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani, ukarudi. Kijiti cha kati nyuma ya mpigaji kikalala.

— Yule mpigaji aliangalia nyuma mara tatu, alisema Pehlwan, na sauti yake ikalainika. Hakuamini. Hata mimi nililia, siwafichi.

— Wanne ndani ya ova tano, alisema Master. Nilikiweka kikombe chini, na chai ikapoa.

— Mimi nina habari za ndani, alisema Redio. Daktari wa London ametoa mfupa akaweka springi. Akitua, inamrusha mwenyewe.

— Acha kutupiga kamba.

— Sikiliza mlio anapokimbia! Ndiyo maana anavaa soksi mbili, kuuficha.

— Springi gani, alisema Pehlwan. Bibi yake alikuwa na nyati mweusi wa kufugwa aliyewahi kushindana na treni kutoka Kamoke, akaishinda. Haroon amekua kwa maziwa ya yule. Yale hayamo mfupani, yamo kwenye damu.

— Treni ile ile niliyoitaja? aliuliza Master.

— Pengine. Ndiyo maana ina kinyongo naye.

Wakacheka mpaka kinyozi akachungulia. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu Baji Sughra, dada mkubwa wa mtaa mzima, alikuwa amesimama mbele yao na shali yake ya kijivu, mkononi ana mfuko wa kitambaa. Mama yake Haroon hakuwa na kawaida ya kufika kwenye benchi la wanaume. Pehlwan akashusha miguu, Redio akafunika sufuria bila sababu.

— Salaam alaikum, Baji, walisema kwa pamoja.

— Waalaikum salaam. Nimefuata viatu. Akamgeukia Boota. Ndugu yangu, wewe umemshika miguu kuliko daktari yeyote. Niambie. Anaumia?

Boota alishika uzi. Aliutazama uzi, akaitazama sindano, akatamani mojawapo imsemee. Kumdanganya Haroon angeweza. Kumdanganya mwanamke huyu, aliyemletea mkewe uji siku arobaini za uzazi, hakuweza. Alichoweza ni kumpa kile kiatu cha kushoto.

Baji Sughra akaingiza mkono ndani. Vidole vyake vikatembea mpaka kisigino, vikaikuta ile ngozi mpya, vikakaa hapo. Uso wake haukubadilika.

— Siku mbili hizi anapanda ngazi kwa mguu wa kulia peke yake, alisema. Anadhani nimelala. Nilitaka tu kujua kama ni macho yangu.

— Baji, nilimwapia...

— Umeapa na hujasema kitu. Akamrudishia kiatu. Hii ni nyembamba. Ongeza nyingine.

Boota akainua kichwa.

— Umzuie, Baji. Wewe peke yako anakusikiliza.

— Nilimzuia miezi tisa. Nilikuwa naamka alfajiri namkuta uani amekaa na mpira mkononi, anauzungusha tu, hasemi. Huo nao ni ugonjwa, ndugu yangu, na wenyewe haufungwi bandeji. Akaufungua mfuko wa kitambaa. Akikuuliza, mwambie mama hajui. Akijua kwamba najua, atarusha mpira huku ananifikiria mimi.

Boota akakata ngozi ya pili. Akashona taratibu, mishono midogo kuliko aliyowahi kushona maishani, na machozi akayaacha yashuke kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Alipomaliza, Baji Sughra akavitia viatu mfukoni, akawatazama wale watatu mmoja mmoja, na kwa Redio macho yake yakakaa kidogo zaidi.

— Nanyi hamkuniona hapa, alisema, akaingia kwenye ukungu.

Punde likasimama lori la sufuria. Dereva, mgeni wa Faisalabad, akaruka chini akisugua viganja kwa baridi.

— Nasikia huu ndio mtaa wa Virk. Hebu niambieni nyinyi wa hapa. Yuko fiti kweli?

Master Inayat akakunja gazeti lake, hesabu zikabaki ndani. Pehlwan akakuna kidevu. Boota akatafuta tundu la sindano. Wote watatu wakamgeukia Redio, wakamsubiri.

Redio akaigeukia sufuria ya chai. Akachukua kikombe kilichokuwa kisafi, akakifuta tena.

— Sukari kiasi gani, ndugu yangu?