Miwani ya Bisimwa

Lori lilikuwa linakaribia Kabambare, na Hidaya bado hajaiamini ile miwani. Alikuwa akimpeleka binti wa kaka yake kwa mume, amefunikwa shela, na kwao uso wa biharusi hauonwi na mwanaume kabla ya mumewe kuufunua. Mbele yao alikaa Bisimwa, mnunuzi wa dhahabu, na miwani mipya inayopiga picha.

"Baba, vua hii kitu. Mutoto anataka kunywa maji."

"Mama, bila hii sioni hata mukono yangu. Nitafunga macho."

"Ya kwako utafunga. Na ya miwani?"

Bisimwa alicheka, akafumba macho kama mtu mwema. "Hii inalala, mama, mpaka niguse hapa."

Biharusi akafunua shela, akanywa. Bisimwa, aliyependa kueleza kuliko kunyamaza, akagusa hapo ili kuonyesha. Kitaa cheupe kikawaka.

"Umeshapiga," alisema Hidaya.

"Nitaifuta na telefone!"

Telefone yenyewe ilikuwa imezimika tangu Kasongo. Lori likasimama, vigelegele vya wakwe vikaanza. Hidaya akamkamata Bisimwa shati. "Shuka na sisi, baba. Utamuelezea bwana harusi wewe mwenyewe."