Mama Mizani na Kipima Nguvu Alichokiunda kwa Mikono Yake

Wapendwa waombolezaji, familia inasimama mbele zenu, na mbele za Yeye aliyeyapima maji kwa konzi ya mkono wake, kuwasomea maisha ya dada yetu, mhandisi, mke na mama, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Mama Mizani. Naye mwenyewe, akiwa kitandani na akili zake timamu, ndiye aliyetuagiza tusipunguze neno.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1966, mtoto wa nne na wa kike pekee wa baba seremala na mama muuguzi, na tangu utotoni hakuna aliyeweza kumpunja kipande cha mkate, kwa kuwa alikipima kwa jicho na kugoma kula mpaka vyote vilingane, hata kaka zake wakamwita Hakimu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akahitimu shahada ya uhandisi wa umeme mwaka 1990, na mwaka huohuo akaajiriwa katika kiwanda cha mizani za kupimia malori, ambako kazi yake ilikuwa kubandika juu ya vyuma vya mizani hizo vihisi vyembamba kama karatasi, vinavyotambua chuma kinapopinda hata kama jicho halioni, na kuviunganisha na sakiti inayogeuza mpindo huo kuwa namba.

Tarehe 11 Desemba 1993 alifunga ndoa na kocha wa mbio za baiskeli, wakajaliwa binti wawili, wa kwanza mwaka 1995 na wa pili mwaka 1998. Mumewe alikuwa akilalamika mezani kwamba waendeshaji wake wanamwongopea kuhusu bidii yao, ndipo mwaka 2011 dada yetu alipokigeuza chumba cha nyuma kuwa karakana, akausugua mkono wa pedali kwa msasa, akaufuta kwa spiriti, akabandika vihisi na kuchomelea nyaya nyembamba kuliko unywele, ili chuma chenyewe kiseme mguu umekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Kocha akawaambia vijana wake, "Mimi mnaniweza, ila huyu mama jaribuni muone!"

Alikuwa na desturi moja ya kazi, nasi tunaieleza kwa sababu ndani yake imo hukumu. Alibandika kwanza vihisi viwili kwa urefu wa chuma, vya kusoma mkanyago, akavijaribu kwa wiki kadhaa kwenye ubaridi wa asubuhi, na aliporidhika ndipo alipoongeza viwili vya kukingama, ambavyo kazi yake ni kufuta udanganyifu wa joto, maana chuma kikipigwa na jua hutanuka, na kihisi hudhani kimekanyagwa.

Mwaka 2014, katikati ya majaribio hayo, shemeji yake, mfanyabiashara wa vipuri, mdogo wa kocha kwa tumbo moja, aliingia katika chumba kile dada yetu akiwa kazini, kama Yakobo aliyejivika ngozi za mbuzi ili apokee baraka ya mwingine, akauchukua mkono ule wenye vihisi viwili, akaupeleka kwa kampuni moja na kujiita mbunifu. Alipoulizwa habari za dada yetu alicheka, akasema, "Aa, yule shemeji yangu alinisaidia kupaka gundi."

Dada yetu alipoiona picha ya bidhaa ile alijua mara moja kilichokosekana, vile vihisi viwili vya kukingama, na neno moja la simu lingetosha kumwokoa mwizi wake, lakini alinyamaza. Familia haiuiti unyamavu ule upole. Alikuwa analisubiri jua. Siku ya uzinduzi, mwezi Januari 2016, adhuhuri, mbele ya wanunuzi na waandishi wa habari, dada yetu alijitokeza na kuomba akijaribu kifaa, akatundika jiwe la mizani kwenye pedali kivulini, namba ikawa sawa. Akaisogeza baiskeli juani, jiwe ni lilelile, namba ikaanza kupanda, watu wakaguna. Kisha akalitoa jiwe, na kipima kikaendelea kudai kimekanyagwa. Akamwambia, "Haya shemeji, paka gundi."

Kampuni ilimtupa shemeji, naye badala ya kutubu akatangaza kwamba amepewa kifaa kibovu makusudi, hivyo dada yetu, ingawa alimaliza kifaa chake na kukifunga kwenye baiskeli za vijana wa kocha waliopo hapa leo, hakurudishiwa jina lake.

Mwaka 2022 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Shemeji alifika hospitalini mara kadhaa, na kila mara aliishia mlangoni akisema, "Yaliyopita yamepita, shemeji," naye akamjibu, "Hayajapita. Yamesimama hapo mlangoni, pamoja na wewe." Sharti la dada yetu la kumsamehe lilikuwa moja, kwamba shemeji atamke mbele za watu nani aliyeunda kifaa kile, na hakuwa amelitimiza dada yetu alipovuta pumzi ya mwisho asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025.

Zakayo alisimama mbele za watu akatamka makosa yake, na wokovu ukaingia nyumbani mwake siku ileile. Shemeji ameketi safu ya pili, amevaa suti nyeusi, na marehemu aliagiza kwamba hapa msomaji anyamaze, ili shemeji apate nafasi ya kusimama.

Asiposimama, hatabeba jeneza wala kutupa udongo. Watoto wake ndio watakaofanya hayo, kwa kuwa marehemu aliwapenda kama aliowazaa mwenyewe, na dhambi ya baba si mzigo wao. Nasi hatumwombei mabaya, tunamwombea maisha marefu, ili asikose muda wa kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopokezana kukaa naye, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliokuja na magwanda yao ya kazi.

Dada yetu, wewe pumzika kwa amani. Yeye asipumzike mpaka aseme.